Vikwazo Vinavyomfuata Kamanda Mfukoni

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka ya Burundi kwa nguvu ya jeshi. Siku sita baadaye viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaifungia Burundi biashara. Mpatanishi wa mgogoro huo, Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama, aliunga mkono uamuzi huo. Burundi haina bahari: sehemu kubwa ya shehena yake ilishuka Dar es Salaam, ikapanda treni ya Reli ya Kati hadi Kigoma, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Bujumbura.

Masharti yalikuwa matatu: bunge lirudishwe, vyama viruhusiwe, na mazungumzo yafanyike na pande zote. Mawili ya kwanza Buyoya aliyakubali mwezi Septemba mwaka huohuo. La tatu lilichelewa. Mazungumzo yalianza Arusha Juni 1998, na vikwazo vikasimamishwa Januari 1999.

Katika kipindi hicho, aliyeumia zaidi hakuwa mwanajeshi. Bei zilipanda, mkulima akakosa mbolea, huku wenye majina na magari wakitajirika kwa magendo. Aprili 1997 viongozi walewale wa kanda walilazimika kulegeza kamba kwa chakula, dawa na pembejeo.

Machungu ya namna hiyo, Burundi na kwingineko, ndiyo yaliyoufanya ulimwengu utafute njia nyingine: kumbana kamanda mwenyewe na kuwaacha wananchi wake wafanye biashara. Kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jirani wa Burundi, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilifungua njia hiyo mwaka 2004 na 2005. Anayewekwa kwenye orodha huzuiwa kusafiri nje, na mali zake hufungiwa.

Kazi yenyewe hufanyika kimyakimya. Mtu anafika benki kutuma fedha. Karani anaandika jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti, na kompyuta inayalinganisha na orodha. Yakifanana, muamala unasimama. Marekani ikimweka mtu kwenye orodha yake, kishindo ni kikubwa zaidi, kwa kuwa dola nyingi zinazotumwa kutoka nchi moja hadi nyingine hupitia akaunti za benki zilizoko New York.

Hata hivyo, orodha peke yake haimwondoi mtu msituni. Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi wa Kongo, aliwekwa humo mwaka 2005. Mwaka 2009 akaingizwa katika jeshi la Kongo kwa cheo cha jenerali, akaishi katika mji wa Goma, mashariki mwa nchi hiyo, bila kujificha. Sultani Makenga wa kundi la waasi la M23 aliorodheshwa Novemba 2012, na siku chache baadaye wapiganaji wake wakaiteka Goma. Mwaka 2013 kundi hilo lilishindwa na jeshi la Kongo likisaidiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa na Watanzania. Januari 2025 likaingia Goma tena.

Sababu haiko mbali. Kamanda wa msituni hana haja ya akaunti benki ikiwa analo shimo la madini. M23 waliposhika machimbo ya Rubaya, mashariki mwa Kongo, mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa kodi za madini ya koltani ziliwaingizia takriban dola 800,000 kwa mwezi. Ndiyo maana vikwazo vya karibuni vimewafuata pia walio nyuma ya pazia. Februari 2025 Marekani ilimlenga James Kabarebe, waziri wa Rwanda na jenerali mstaafu. Mwezi uliofuata Umoja wa Ulaya uliwaorodhesha makamanda kadhaa pamoja na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo, Kigali.

Hapo mkoa wa Mara, nchini Tanzania, unaingia moja kwa moja. Wachimbaji wa Buhemba na Tarime wanajua kwamba dhahabu ikishayeyushwa, macho hayawezi kusema imetoka shimo gani. Kinachoweza kusema ni karatasi: nani kauza, wapi, gramu ngapi, mrabaha umelipwa au la. Tangu 2019 Tanzania imefungua masoko ya madini yanayoandika mambo hayo, kuanzia Geita.

Kwa Watanzania jambo hili si la mbali: Desemba 2017 askari wao 15 wa kulinda amani waliuawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, katika shambulio linalohusishwa na ADF, kundi la waasi lililokuwa kwenye orodha ya vikwazo tangu 2014. Mnunuzi anayemuuliza mgeni karatasi za dhahabu yake kabla ya kuipima anagusa mfuko uleule unaolipia risasi kama zile.