Mizani ya Mwili Katikati ya Umati

Katika kata ya Buhembe, Manispaa ya Bukoba, kama ilivyo kwingineko, anayepepesuka mchana hudhaniwa kwanza kuwa amekunywa rubisi. Dhana ya pili ni presha, na ya tatu upungufu wa damu. Sikio halitajwi, ingawa ndimo kilimo kiungo cha mizani ya mwili.

Ndani ya kila sikio mna mirija mitatu ya nusu duara na vifuko viwili, vyenye majimaji na vinywele vinavyoinama kichwa kinaposogea. Ubongo hulinganisha taarifa zake na zile za macho na za nyayo. Sikio likiharibika, mtu huegemea macho na miguu. Nyumbani hayo humtosha, kwa kuwa ukuta umesimama na sakafu ni tambarare. Akifika sokoni au kituo cha mabasi, macho nayo humdanganya: umati ukipita kuelekea kushoto, ubongo hudhani kuwa mwili wenyewe unakwenda kulia. Akigeuka kumtazama anayemwita, vitu vyote hurukaruka machoni. Hushika nguzo huku akitokwa jasho. Baada ya mara chache huacha kwenda sokoni, kisha kanisani au msikitini, hatimaye hata misibani. Kujitenga huko huumiza kuliko kizunguzungu chenyewe.

Yako maradhi mengi yanayoleta hali hii, lakini moja husahaulika mno. Streptomaisini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1943, iliokoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu, na papo hapo huweza kuua vinywele vya sikio la ndani, ambavyo kwa binadamu havirejei kama awali. Kwa miaka mingi waliorudia matibabu walichomwa sindano zake kwa miezi miwili, hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2017 kwamba utaratibu huo uachwe. Gentamaisini ina madhara ya namna hiyo. Kwa hiyo mhudumu aulize kuhusu sindano za zamani. Mgonjwa wa aina hii mara nyingi hasemi kwamba dunia inazunguka. Husema anayumba, hasa gizani. Akisimama miguu pamoja na kufumba macho, huyumba zaidi (awepo mtu wa kumdaka). Mishipa ya fahamu ya miguu iliyoharibiwa na kisukari huleta dalili hiyo hiyo, basi na sukari ipimwe.

Kizunguzungu cha ghafla pamoja na mdomo kupinda, usemi mzito au kuona vitu viwiliviwili ni dalili za kiharusi: hospitali mara moja.

Vidonge vya kutuliza kizunguzungu vinafaa kwa siku chache tu. Vikiendelea, hukawiza ubongo kujizoesha. Katika miaka ya 1940 madaktari Cawthorne na Cooksey wa Uingereza waliwapa wagonjwa mazoezi ya macho, kichwa na kutembea, wakawahimiza wafanye hata penye kelele na watu wengi. Vivyo hivyo mgonjwa aanze sokoni asubuhi na mapema, kabla watu hawajajaa, akae dakika chache, kesho aongeze. Fimbo imsaidie, kwani mkono unaogusa ardhi kupitia fimbo huupa ubongo taarifa. Usiku achukue tochi.

Ziwa Viktoria ni jambo jingine. Chini ya maji, gizani, mtu aliyepoteza mizani ya masikio yote mawili huweza kushindwa kujua juu ni wapi. Asiogelee peke yake, wala usiku.