Dawa za Kunyoosha Nywele: Yenye Kostiki au Isiyo na Kostiki?

Mwamapalala ni kata ya Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, katika nchi ya Wasukuma inayojulikana zaidi kwa pamba na ng'ombe. Wilaya hiyo ilitengwa kutoka Wilaya ya Bariadi mwaka 2012. Huko, kama ilivyo katika vituo vingi vya biashara vya vijijini, kazi ya msusi si kusuka tu. Wapo pia wateja wanaotaka kuwekwa dawa ili nywele zao za kipilipili zinyooke na kulala kama za singa. Binti aliyemaliza kidato cha nne, baada ya miaka mingi ya kukata nywele fupi kwa kanuni za shule, mara nyingi huiona dawa hiyo kuwa alama ya kwanza ya utu uzima.

Dawa hizo ni za namna mbili. Ya kwanza ni krimu iliyo tayari ndani ya kopo, na ndani yake mna kostiki soda, ile ile wanayoitumia watengenezaji wa sabuni. Ya pili huuzwa katika kisanduku chenye krimu na chupa ya kimiminika cha kuchanganywa nayo, na juu ya kisanduku huandikwa kwamba dawa haina kostiki. Kwa hiyo watu wengi huamini kwamba ya kwanza huunguza na ya pili haina madhara. Je, imani hiyo ina ukweli kiasi gani? Kemia ya kidato cha pili na cha tatu inatosha kulijibu swali hili.

UNYWELE NA VIFUNGO VYAKE

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Protini hiyo ni minyororo mirefu ya asidi amino, na minyororo hiyo imefungamanishwa kwa vifungo vya namna kadhaa. Vilivyo imara kuliko vyote ni vifungo vya salfa: atomi mbili za salfa, moja kutoka kila mnyororo, hushikana kama vipago vya ngazi vinavyoshika miti yake miwili. Unywele wa kipilipili hutoka katika kinyweleo kilichopinda, na ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonekana kuwa bapa kuliko unywele wa singa. Vifungo vya salfa ndivyo vinavyolishikilia umbo hilo la kujikunja.

Maji peke yake hayawezi kuvivunja vifungo hivyo. Ndiyo sababu nywele zilizonyooshwa kwa chuma cha moto hujikunja tena zikiloa. Alikali kali, kwa upande wake, huuvimbisha unywele, huingia ndani na kuvivunja. Baadhi ya vifungo hujiunga upya vikiwa vimepoteza atomi moja ya salfa, na mahali pa kifungo cha zamani huzaliwa asidi amino nyingine iitwayo lanthionini. Kiasi cha theluthi moja ya vifungo hubadilika hivyo. Badiliko hili halirudi nyuma. Unywele ulionyooshwa hubaki umenyooka mpaka ukatwe, na nguvu yake hupungua, kwa maana ngazi iliyong'olewa vipago haiwezi kubeba mzigo ule ule.

KOPO LENYE KOSTIKI

Jina la kikemia la kostiki soda ni haidroksidi ya sodiamu. Ukali wa alikali hupimwa kwa kipimo cha pH. Maji safi yana pH 7. Ngozi ya binadamu ni ya asidi kidogo, yenye pH karibu na 5. Dawa za nywele mara nyingi huzidi 12. Mwanafunzi akumbuke kwamba kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi. Myeyusho wenye pH 13 una ioni za haidroksidi mara milioni moja kuliko maji safi.

Kwa sababu ya ukali huo, nchi nyingi zimeweka mipaka. Katika Umoja wa Ulaya, dawa ya kunyoosha nywele inayouzwa kwa watu wote hairuhusiwi kuwa na haidroksidi ya sodiamu zaidi ya asilimia 2, na ile ya wasusi wa kazi isizidi asilimia 4.5. Dawa hii hufanya kazi haraka, na ikisuuzwa vizuri huacha nywele zikiwa laini. Ubaya wake ni kwamba haibagui: protini ya unywele na protini ya ngozi kwake ni kitu kimoja. Msusi hupaka kwanza mafuta ya mgando kwenye ngozi ya kichwa, masikioni na penye paji la uso, kwa kuwa mafuta huizuia krimu isiguse ngozi.

KISANDUKU KISICHO NA KOSTIKI

Krimu iliyo katika kisanduku cha pili ina haidroksidi ya kalsiamu. Hii si ngeni kwa mwanafunzi. Ndiyo chokaa iliyozimwa kwa maji, na myeyusho wake ndio maji ya chokaa ambayo maabarani huonyesha kuwapo kwa gesi ya kaboni dioksidi. Peke yake haiwezi kunyoosha nywele vizuri, kwani huyeyuka kidogo sana: lita moja ya maji huyeyusha chini ya gramu mbili tu. Hapo ndipo inapohitajika ile chupa ya pili, ambayo ina kabonati ya guanidini. Vitu hivyo viwili vikichanganywa hubadilishana wenzi:

haidroksidi ya kalsiamu + kabonati ya guanidini → haidroksidi ya guanidini + kabonati ya kalsiamu

Haidroksidi ya guanidini huyeyuka vizuri katika maji na ni alikali kali. Hiyo ndiyo inayonyoosha nywele. Haikai muda mrefu bila kuharibika, na kwa hiyo haiwezi kuuzwa ikiwa imekwisha kuchanganywa.

Mlingano huo una ndugu yake mkubwa. Magadi yanayochotwa katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama vile Ziwa Natron na Ziwa Magadi, yana kabonati ya sodiamu. Yakichanganywa na chokaa iliyozimwa katika maji, hutokea kabonati ya kalsiamu, ambayo hutuama chini, na haidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda, ambayo hubaki katika maji. Kwa miaka mingi viwanda vya ulimwengu vilitengeneza kostiki kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo anayekoroga dawa "isiyo na kostiki" katika bakuli anaendesha kiwanda kidogo cha alikali, ila guanidini imeshika nafasi ya sodiamu. Maneno ya kisanduku si uongo, maana sodiamu haimo. Lakini hayasemi kwamba alikali haimo.

Zipo pia krimu zenye haidroksidi ya lithiamu, ambazo nazo huuzwa kwa jina la dawa zisizo na kostiki. Lithiamu na sodiamu hukaa katika safu moja ya jedwali la elementi, na haidroksidi zake zina tabia za namna moja.

MAJI YA KISIMA NA CHOKAA YA KICHWANI

Dawa ya guanidini kwa kawaida huiwasha ngozi kidogo kuliko kostiki. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini ule mlingano una zao la pili, kabonati ya kalsiamu, ambayo haiyeyuki katika maji na hubaki juu ya unywele kama vumbi jembamba la chokaa. Nywele huwa kavu, hupoteza mng'ao na hukatika kwa urahisi zinapochanwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee mahali ambapo maji ni ya kisima. Maji yaliyopita katika ardhi mara nyingi ni magumu, yaani yana chumvi za kalsiamu na magnesiamu. Hukataa kutoa povu la sabuni na huacha utando mweupe katika sufuria. Anayesuuza dawa ya guanidini kwa maji magumu huongeza kalsiamu juu ya kalsiamu. Maji ya mvua ni laini na yanafaa zaidi.

DAWA HIZI ZILITOKA WAPI

Huko Marekani, mvumbuzi Mwafrika wa nchi hiyo Garrett Morgan, aliyezaliwa mwaka 1877, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuza krimu ya kunyoosha nywele, mwanzoni mwa karne ya 20. Katika miaka ya 1940 vijana wengi wa kiume wa mijini walitumia mchanganyiko wa nyumbani wa kostiki, viazi na mayai. Malcolm X ameeleza mateso yake katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1965. Mwaka 1954 George Johnson alianzisha kampuni yake mjini Chicago, na krimu za viwandani zikaenea. Dawa za guanidini zilifuata baadaye, kwa ahadi ya kupunguza kuungua.

UTAFITI UMEONYESHA NINI

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha katika jarida la matabibu la Afrika Kusini matokeo ya kupima pH ya dawa za namna zote mbili, pamoja na zile zinazotangazwa kwa ajili ya watoto. Waliona kwamba zote zilikuwa katika kiwango kinachoweza kuila ngozi. Jina la mtoto juu ya kisanduku halikuipunguza alikali iliyomo.

Kuhusu maradhi ya muda mrefu, uchunguzi wa wanawake weusi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 haukuona hatari ya saratani ya matiti kwa watumiaji wengi. Lakini kwa waliotumia dawa za kostiki mara saba au zaidi kwa mwaka kwa miaka 15 au zaidi, hatari ilikuwa kubwa kwa takribani asilimia 30. Mwaka 2022 uchunguzi mwingine wa nchi hiyo, wa wanawake zaidi ya 33,000, ulikadiria kwamba kati ya wasiotumia dawa za kunyoosha nywele asilimia 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kati ya waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Takwimu hizo zinaonyesha mambo mawili yanayofuatana, lakini bado hazithibitishi kwamba moja ndilo linalolisababisha jingine. Hata hivyo zinatosha kumfanya mtu apunguze idadi ya safari za kwenda kuweka dawa.

KUCHAGUA NA KUTUMIA

Kwa msusi mzoefu, mwenye saa, glavu na maji mengi, dawa ya kostiki hunyoosha haraka na huacha nywele laini. Kwa ngozi inayowashwa upesi, dawa ya guanidini ina nafuu, mradi chokaa yake iondolewe kwa shampuu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini katika sehemu kavu kama Simiyu, ambako wakati wa kiangazi maji hununuliwa kwa ndoo, swali la kwanza si kopo lipi. Swali la kwanza ni hili: maji ya kusuuza yako wapi? Alikali huendelea kuula unywele na ngozi mpaka itakapoondolewa. Msusi anayefungua kopo kabla ya kujaza ndoo ni sawa na mtu anayewasha moto shambani kabla ya kusafisha njia ya kuuzuia.

Mambo yafuatayo yanahusu dawa zote mbili:

1. Dawa isiwekwe kwenye kichwa chenye kidonda, wala kilichokunwa au kufumuliwa misuko siku hiyo.

2. Muda ulioandikwa na mtengenezaji usipitishwe. Mteja akisikia moto, dawa isuuzwe mara moja. Kuvumilia hakuongezi unyoofu.

3. Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi. Mara nyingine dawa ipakwe kwenye mizizi iliyoota tu, wala si kabla ya wiki nane.

4. Nywele zilizowekwa kalikiti zisiwekwe dawa hizi. Kalikiti hufanya kazi kwa kemikali za kundi jingine, na nywele zilizopitia zote mbili hukatika.

5. Dawa ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mgonjwa apelekwe zahanati. Siki au ndimu isitumiwe kamwe, maana asidi na alikali zinapokutana hutoa joto.

6. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe ya mwisho wa matumizi lisinunuliwe. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania.

MAJARIBIO YA DARASANI

Mwalimu anaweza kuonyesha mambo haya bila kuigusa dawa yenyewe. Avae miwani ya kinga na glavu.

Jaribio la kwanza: mimina maji ya chokaa yaliyochujwa katika gilasi, kisha ongeza myeyusho wa magadi. Kimiminika kitageuka cheupe. Kiache kitulie, chuja, na udondoshe siki juu ya weupe uliobaki katika karatasi ya kuchujia. Povu litaonyesha kwamba ni kabonati, zao lile lile linalobaki juu ya nywele.

Jaribio la pili: tia matone ya maji ya chokaa katika kitambaa, kisha kisuuze mara kadhaa, ukipima kila maji ya kusuuzia kwa litmasi nyekundu. Wanafunzi wahesabu ni mara ngapi kitambaa kimesuuzwa kabla ya litmasi kuacha kugeuka bluu. Kisha wakadirie: kichwa kizima chenye nywele, na krimu iliyo kali kuliko maji hayo ya chokaa, kitahitaji ndoo ngapi? Msichana atakayeweza kulijibu swali hilo kwa hesabu yake mwenyewe ataingia kwa msusi akijua la kuuliza. Na akiamua kusuka nywele zake kama zilivyo, atajua pia kwamba kipilipili si kasoro inayohitaji dawa.