Visahani vya rezini: Pamba meza yako bila kuiumiza ngozi

NI kisahani kidogo cha duara, upana wake ni kama wa kiganja, na ndani yake rangi za samawati, zambarau na dhahabu zimetapakaa mithili ya maua yaliyozamishwa katika kioo. Kazi yake ni kuwekewa kikombe cha chai ili meza isiingie alama. Wengi wanaoviona visahani hivi madukani au katika simu zao hutamani kuvitengeneza wenyewe, ama kwa ajili ya kupamba sebule, ama viwe zawadi ya harusi, ama waviuze wapate pesa za matumizi.

Kazi yenyewe si ngumu na mtu anaweza kujifunza kwa siku moja. Hata hivyo, vitu viwili vinavyotumika, yaani rezini ya epoksi na wino wa spiriti, ni kemikali zinazohitaji uangalifu. Ya kwanza inaweza kuufanya mwili wako uikatae maisha yako yote. Ya pili hushika moto upesi. Je, mtu anawezaje kutengeneza visahani hivi nyumbani bila kujidhuru yeye mwenyewe au watoto wake?

Epoksi ni kitu gani?

Epoksi imekuwako kwa miaka mingi. Wanaotambuliwa kwa kuigundua katika miaka ya 1930 na 1940 ni Pierre Castan wa Uswisi, ambaye alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia, na Sylvan Greenlee wa Marekani. Siku hizi epoksi hutumiwa katika rangi za sakafu, mashua, vifaa vya stima na ile gundi ya mirija miwili ambayo fundi huchanganya kabla ya kuunganisha kitu kilichovunjika.

Rezini ya kutengenezea mapambo pia huja katika chupa mbili. Moja ina rezini yenyewe na nyingine ina dawa ya kuigandisha. Zikichanganywa, chembechembe zake huanza kushikana, joto hutokea, na baada ya saa nyingi uji huo huwa mgumu kama kioo. Rezini iliyokauka kabisa haina madhara makubwa kwa anayeishika. Hatari iko wakati ingali majimaji au inanata, na pia wakati inapopigwa msasa na kutoa vumbi.

Wino wa spiriti nao ni rangi iliyoyeyushwa katika spiriti, aghalabu aina ya isopropili, ambayo hutumiwa pia hospitalini kupangusia ngozi kabla ya sindano. Mvuke wa isopropili unaweza kushika moto kuanzia joto la kiasi cha nyuzi 12 za Selsiasi, ambalo ni baridi kuliko mchana wa kawaida jijini Nairobi hata mwezi wa Julai. Maana yake ni kwamba chupa ikiwa wazi mezani, mvuke wake uko tayari kuwaka.

Ngozi inapokataa

Madhara ya epoksi yanayowapata watu wengi ni ya ngozi. Kuna mwasho wa kawaida unaotokana na kemikali kali kugusa ngozi, hasa ile dawa ya kugandisha. Mwasho huo huisha mtu akiiepuka. Lakini kuna jambo la pili lililo zito zaidi, nalo ni mzio, yaani aleji.

Mzio hauji siku ya kwanza. Mtu anaweza kushika rezini kwa mikono mitupu wiki kadhaa, miezi au hata miaka bila kuona lolote, akaamini kwamba ngozi yake ni ngumu. Wakati huo kinga ya mwili inajifunza kuitambua kemikali hiyo kama adui. Ikishajifunza, tone dogo tu linatosha kuleta upele, wekundu, uvimbe na malengelenge yanayowasha usiku kucha.

Linalowachanganya wengi ni kwamba upele huo huchelewa. Unaweza kutokea siku moja hadi tatu baada ya kazi. Mtu aliyetengeneza visahani Jumamosi huanza kujikuna Jumatatu, akalaumu sabuni mpya ya kufulia au samaki aliyekula Jumapili. Mara nyingi vidole, mikono na vifundo ndivyo huanza. Kope za macho nazo huvimba kwa urahisi kwa sababu ngozi yake ni nyembamba, na mkono wenye rezini hupangusa uso bila mtu kufahamu.

Mwili ukishajifunza kuikataa epoksi, kwa kawaida hausahau. Krimu za daktari hutuliza upele lakini haziufuti mzio. Mtu huyo atalazimika kujihadhari pia na gundi na rangi zenye epoksi mahali popote. Kwa fundi wa sakafu, wa mashua au wa magari, hilo linaweza kumaanisha kuacha kazi inayomlisha.

Usidanganywe na kukosekana kwa harufu. Rezini nyingi za mapambo hazinuki sana, na baadhi ya chupa huandikwa kwamba hazina sumu. Maneno hayo aghalabu huhusu rezini ikishakauka, au ikitumiwa kama mtengenezaji alivyoagiza. Hayamaanishi kwamba unaweza kuikoroga kwa kidole.

Vilevile kuna rezini nyingine inayogandishwa kwa taa ya miale ya urujuanimno katika muda wa dakika chache. Hiyo huwa na kemikali ziitwazo akrileti, ambazo ni za jamii moja na zile za jeli ya kucha za bandia. Mtu akipata mzio wa akrileti anaweza kupata shida akipakwa jeli kucha, na hata daktari wa meno anapaswa kuambiwa, kwa sababu baadhi ya dawa za kuzibia meno zina kemikali za jamii hiyo.

Kabla ya kufungua chupa

Chagua mahali penye hewa, kama vile baraza au chumba chenye madirisha mawili yaliyo wazi. Jikoni si mahali pake. Ikiwa unaishi katika chumba kimoja pamoja na watoto, ni afadhali ufanyie kazi hiyo nje penye kivuli, na visahani visiachwe vikauke karibu na kitanda. Mama mjamzito, na mtu mwenye pumu, azungumze na daktari kwanza.

Vaa glavu za nitrili. Glavu nyembamba za mpira wa kawaida hupitisha epoksi na hazifai. Hata zile za nitrili hazikingi milele, kwa hivyo zibadilishe mara zinapochafuka, na usiwahi kuvaa mara ya pili zile ulizovua. Vaa nguo ya mikono mirefu na miwani ya kukinga macho. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke. Inayozuia mvuke ni ile yenye vichujio maalumu vya kemikali, na hiyo inamfaa mtu anayefanya kazi hii mara kwa mara.

Tandika karatasi ya nailoni juu ya meza. Vikombe na vijiti vya kukorogea viwe vya kazi hiyo pekee, wala visirudi tena jikoni hata vikioshwa.

Namna ya kutengeneza

Tuseme una kalibu za silikoni zenye upana wa sentimita 10 na kina cha milimita 8. Kila moja hujazwa na mililita 63 hivi za rezini, na visahani vinne huhitaji kama mililita 250. Kwa anayeanza ni vyema kutengeneza viwili kwanza.

Soma maagizo ya chupa. Aina nyingine hutaka vipimo sawa vya chupa zote mbili, nyingine hutaka rezini mara mbili ya dawa ya kugandisha. Pima barabara. Wengi hudhani kwamba wakizidisha dawa ya kugandisha kazi itakauka upesi. Hilo ni kosa. Dawa iliyozidi hukosa cha kushikana nacho, hivyo kisahani hubaki kinanata na kuendelea kutoa kemikali kwa kila anayekigusa. Kupima vizuri ni sehemu ya kulinda afya.

Koroga polepole kwa dakika tatu hivi huku ukikwangua kando na chini ya kikombe, kisha mimina katika kalibu bila kukawia. Rezini nyingi ikiachwa katika kikombe chembamba hupata joto kali, hutoa moshi na inaweza hata kuyeyusha kikombe. Ikimwagwa kwa wembamba, joto hilo hutoweka lenyewe.

Sasa dondosha rangi. Weka matone machache ya wino wa rangi uipendayo, na juu ya kila tone udondoshe tone la wino mweupe. Huo mweupe una chembe nzito za rangi, hivyo huzama na kuisukuma rangi nyingine chini hadi iwe kama mizizi au maua ya bahari. Pambo hilo huonekana vizuri ukikigeuza kisahani baada ya kukauka. Usizidishe wino, kwa sababu spiriti nyingi huizuia rezini kuganda vizuri.

Funika kalibu kwa sanduku ili vumbi lisiingie, uziache kwa saa 24 hadi 72 kulingana na maagizo. Rezini nyingi hupenda joto la nyuzi 21 hadi 24, kwa hivyo Nairobi wakati wa baridi itachelewa. Mombasa, penye unyevu mwingi hewani, huenda ukaona utando wa mafuta juu ya kisahani. Uoshe kwa maji na sabuni, ukiwa umevaa glavu. Ukilazimika kupiga msasa, ngoja rezini ikauke kabisa, jambo ambalo linaweza kuchukua wiki nzima, kisha lowesha kisahani kwa maji ili vumbi lisiruke, na uvae barakoa ya vumbi.

Jihadhari na moto

Wengi hutumia moto wa kiberiti cha gesi kutoboa mapovu ya hewa juu ya rezini. Wengine hunyunyizia spiriti kwa kazi iyo hiyo. Mambo haya mawili hayapatani kamwe. Ukishadondosha wino wa spiriti, au ukishanyunyizia spiriti, usilete moto karibu. Mapovu yatoboe mapema kabla ya rangi, au tumia kijiti cha meno. Hakikisha kwamba hakuna jiko la makaa au la gesi linalowaka, sigara wala mshumaa. Stima ikipotea ukiwa kazini, funga chupa zote na utumie tochi.

Ajali ikitokea

Rezini ikigusa ngozi, ipanguse kwa karatasi kavu kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Usitumie spiriti, thina wala mafuta ya taa, maana hivyo huikausha ngozi na kusaidia kemikali kupenya. Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali. Mtoto akinywa wino au rezini, usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali, na ubebe chupa ili daktari aone kilichomo.

Ukiona upele, acha kazi hiyo mara moja na umwone daktari wa ngozi. Mweleze wazi kwamba umekuwa ukishika rezini, kwa kuwa bila habari hiyo ni rahisi kudhani kwamba ni upele wa kawaida. Anaweza kukupima kwa kubandika mgongoni vibandiko vyenye kemikali kidogo kwa siku mbili, kisha achunguze ngozi siku hiyo na siku chache baadaye. Usikimbilie kununua krimu kali dukani bila ushauri. Baadhi yake hufanya ngozi ya uso kuwa nyembamba zikitumiwa ovyo.

Na chai je?

Kisahani kikishakauka vizuri, kazi yake ni kuwekewa kikombe wala si chakula. Kumbuka pia kwamba rezini nyingi za mapambo huanza kulegea katika joto la nyuzi 50 au 60, ilhali maji jijini Nairobi huchemka karibu nyuzi 94. Kikombe kilichotoka jikoni sasa hivi kinaweza kunata au kuacha duara. Nunua rezini ambayo mtengenezaji amesema inavumilia joto, na kama unauza, mwambie mteja ukweli huo. Mwambie pia asikianike juani, kwa sababu rangi za wino huu hupauka.

Mwisho, anayeuza visahani vingi kila wiki yumo hatarini zaidi kuliko anayetengeneza vinne kwa mwaka. Mtu huyo aweke bei ya glavu katika hesabu zake, kama anavyoweka bei ya rezini yenyewe. Glavu zikiisha, kazi na ingoje hadi zinunuliwe nyingine.