Siku tatu Unguja: hesabu ya kitanda, maji na boti

Mtu wa Dar es Salaam akiamua kwenda kupumzika Unguja, swali la kwanza huwa ni chumba bei gani. Ni haki yake kuuliza, hela haiokotwi. Ila bei ya chumba haisemi maji ya kuogea yametoka wapi wala hela yako itabaki kwa nani, na kwenye kisiwa kidogo mambo hayo mawili hayachelewi kuonekana. Basi tulinganishe chaguo tatu: nyumba ya wageni ya kijijini, hoteli kubwa ya kifurushi, na kisiwa cha Chumbe.

Nauli ya boti haibadiliki kwa sababu ya mahali utakapolala. Ni mwendo wa kama saa mbili, na mkazi ana bei yake, kwa hiyo kitambulisho kiwe mkononi kabla ya kufika dirishani. Kama unampokea shemeji anayekuja na pasipoti ya Uingereza, mwambie mapema aongeze dola 44 za bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024, asije akadhani anatapeliwa.

Sasa maji. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Kaya ya kawaida ilitumia wastani wa lita 93.2 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia lita 686, na chumba cha hoteli ya nyota tano kilifika lita 3,195. Takwimu zina umri wake, lakini pengo ni kubwa mno kupuuzwa. Ukilala usiku tatu kwenye nyota tano, chumba chako kimemaliza lita 9,585, yaani simtanki tisa na nusu zile za lita elfu. Kwenye nyumba ya wageni ni simtanki mbili na kidogo. Kaya ya jirani, watu wote pamoja na kupika na kufua, lita 280 zimewatosha siku hizo tatu. Kwa hiyo hata ukijiona umechagua pa kawaida, bado umetumia mara saba ya mwenyeji wako.

Maji hayo huishia wapi? Kuoga ni sehemu ndogo tu. Kuna majani ya bustani yanayomwagiwa kila siku, shuka na mataulo yanayofuliwa kila asubuhi, na bwawa la kuogelea. Bwawa lenyewe lina sababu: pwani ya mashariki, Paje au Jambiani, bahari ikipwa wakati wa bamvua inakwenda mbali, na mgeni aliyelipia ufukwe anaachiwa mchanga mtupu kwa saa kadhaa. Hoteli inamchimbia bwawa ili asinune. Mimi naona ni nafuu kuuliza tarehe za bamvua kabla ya kulipia chumba, au kulala kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako maji hayakimbii mbali hivyo.

Chini ya ardhi ya pwani hizo ni mwamba wa matumbawe. Mvua inapenya, maji matamu yanakaa tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi. Pampu kubwa ikivuta kupita kiasi, chumvi inapanda, na anayeonja wa kwanza ni mwenye kisima kifupi kijijini.

Hoteli ya kifurushi, ile ya kulipa mkupuo ukala na kunywa mpaka uondoke, ina mvuto wake. Wenye watoto watatu wanaodai soda kila nusu saa huenda wakaokoa hela kweli. Lakini kama familia yenu haigusi pombe, mnachangia bia za watu msiowajua. Tena ukishalipia chakula, hutoki getini: muuza pweza wa kijijini hakuoni, mama wa chapati hakuoni, na mwenye baiskeli za kukodisha anakaa nazo mpaka jua linazama. Bei ya usiku mmoja inaweza kufanana na chumba kizuri cha nyumba ya wageni pamoja na milo miwili ya nje. Tofauti ni kwamba ile ya pili inagawanyika kwa watu watano au sita wa hapo hapo.

Nyumba za wageni nazo si zote safi. Piga simu uulize mambo machache, na usiridhike na neno “kijani” lililoandikwa kwenye tangazo wala kile kikadi cha kitandani kinachokuomba utumie taulo mara mbili. Je, maji ya kunywa yanatoka kwenye dumu kubwa linalorudishwa kujazwa, au utapewa chupa ndogo nne kwa siku? Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, lakini chupa bado zinazagaa. Je, kuna sola, au ni jenereta umeme ukikatika? Unguja hupata umeme wake kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka bara, na kuanzia mwishoni mwa 2009 kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Uliza pia kama chumba cha feni kina bei yake. Mara nyingi kipo, ni nafuu, na chenye madirisha ya kuelekea baharini hakihitaji kiyoyozi usiku.

Usafiri ndipo wengi wanapopoteza hela kabla hata ya kuoga. Daladala namba 116 inakwenda Nungwi na 309 inakwenda Jambiani, kwa shilingi elfu chache tu kwa kichwa. Teksi inayoletwa na papasi, wale madalali wa wageni, pale bandarini itataka mara nyingi ya hiyo. Lakini mkiwa wanne na mabegi na mtoto mgonjwa wa safari, chukueni teksi, msijitese. Patanisheni bei kabla ya mizigo kuingia buti.

Chumbe ni habari nyingine. Kisiwa kiko kusini kidogo ya Mji Mkongwe, mwamba wake umekuwa hifadhi tangu 1994, na kina mabanda saba tu. Paa la kila banda linakinga mvua na kuihifadhi kwenye tangi lililo chini ya sakafu, vyoo ni vya mboji visivyo na maji ya kuflashi, taa ni za sola. Bwawa hakuna, na huwezi kuvua. Kulala huko ni ghali, kwa familia ya kipato cha kati ni bei ya kufumba macho. Lakini hapa angalau unajua umelipia nini: mshahara wa walinzi wa mwamba na safari za wanafunzi wa shule za Unguja wanaopelekwa kujifunza. Ushauri wangu ni kulala kijijini na kwenda Chumbe kwa siku moja, kama wana nafasi.

Safari nyingine ya kuchagua kwa makini ni ya pomboo wa Kizimkazi. Ukipewa bei ya chini kabisa, jua boti itakuwa imejaa, na nahodha atakimbiza pomboo pamoja na boti nyingine ili wateja wapate picha kabla ya saa nne. Lipa zaidi kidogo kwa boti yenye watu wachache, ukubaliane na nahodha kwamba injini itazimwa mbali. Asipokubali, hela hiyo hiyo itakufikisha Jozani kuwaona kima punju, ambako sehemu ya kiingilio inarudi vijijini, au kwenye kituo cha mwani cha Paje, ambako wanawake watakuonyesha zao hilo linavyofungwa kwenye kamba na kugeuzwa sabuni.

Kuhusu wakati wa kwenda, Julai, Agosti na mwisho wa mwaka bei zinapaa na visima vinabanwa kwa pamoja. Masika bei hushuka, ila baadhi ya hoteli hufunga na bahari huchafuka. Juni, mvua ikishakatika na umati haujafika, ndipo ningepiga simu.