Dijoksini: Sumu ya Mshale, Dawa ya Moyo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi homa ya baridi yabisi, inayoanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa utotoni, inavyoharibu valvu za moyo, na jinsi vyumba vya juu vinavyotanuka hadi vikaanza kutetemeka ovyo badala ya kupiga. Leo tunaingia kwenye dawa moja ambayo wagonjwa wengi wa namna hiyo huandikiwa: dijoksini. Ili tuielewe, hatuna haja ya kwenda mbali na Singida.

Wilayani Mkalama, upande wa bonde la Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, wawindaji hodari wa upinde. Wana sumu mbili za mishale. Ya kwanza huiita panjube, nayo ni utomvu wa waridi la jangwani, kile kichaka chenye shina nene ambacho watu wa mijini hukipanda kwenye vyungu barazani. Ya pili ni shanjo, itokanayo na mbegu za mmea ambao wataalamu wanauita Strophanthus eminii, kwa heshima ya Emin Pasha. Utomvu wa panjube huchemshwa hadi ukawa mzito na mweusi, hupakwa nyuma ya kigumba, kisha huzungushiwa kipande chembamba cha ngozi. Mnyama akichomwa na mshale huo, jeraha silo linalomwangusha bali moyo wake, ambao hupoteza mpangilio na kusimama. Nyama iliyo karibu na jeraha hukatwa na kutupwa, iliyobaki huliwa.

Sumu hizo mbili na kidonge cha dijoksini ni ukoo mmoja wa kemikali, glikosidi za moyo. Kila moja ina kiunzi cha steroidi chenye pete nne za kaboni, pete ya tano iliyopachikwa pembeni, na mkia wa sukari. Dijoksini, ambayo fomula yake ni C41H64O14, ina sukari tatu, na tumbo linaipokea vizuri. Ndiyo maana inamezwa. Ndugu zake wa mishale kama uabaini hupenya kwa shida kwenye utumbo, lakini zikiingia kwenye damu hufanya kazi haraka. Hapo ndipo penye siri ya mwindaji kula windo lake akabaki salama.

Wazungu waliufahamu ukoo huu kwa njia mbili. Mwaka 1785 daktari William Withering wa Birmingham aliandika juu ya majani ya mmea uitwao dijitali yaliyowasaidia watu waliovimba miguu na tumbo. Miaka sabini na kitu baadaye John Kirk, aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alikuwa na Livingstone kwenye mto Zambezi. Mswaki wake uligusana na sumu ya mshale aliyoihifadhi, naye akagundua kuwa mapigo yake yameshuka. Sampuli zilifika Edinburgh kwa Thomas Fraser, aliyetoa humo strofanthini. Dijoksini yenyewe ilipatikana mwaka 1930, Sydney Smith alipoichuja kutoka kwenye dijitali ya aina ya lanata. Elimu ya wawindaji wa Afrika ilistahili kutajwa zaidi kuliko ilivyotajwa katika historia hiyo.

Sasa, inafanyaje kazi? Kwenye utando wa kila seli ya moyo kuna pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Jens Christian Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957, baadaye akaonyesha kuwa uabaini huizuia, na mwaka 1997 alishiriki Tuzo ya Nobel. Dijoksini hukalia pampu hiyo. Sodiamu hubaki ndani, kalisi nayo huongezeka, na msuli hujikaza kwa nguvu zaidi. Pia huamsha neva inayotuliza moyo, na hivyo njia ya umeme iliyo kati ya vyumba vya juu na vya chini huruhusu mapigo machache kupita, kama mchungaji anavyobana ng'ombe kwenye lango la josho. Vyumba vya juu huendelea kutetemeka. Vya chini hupata nafasi ya kujaa damu.

Zingatia hapa, ndugu msomaji. Dijoksini na potasiamu hugombea nafasi kwenye pampu ileile. Potasiamu ikipungua, dawa hushika zaidi, hata kama kidonge hakijaongezwa. Mgonjwa wa moyo mara nyingi hupewa pia furosemaidi, dawa ya kukojoa, inayotoa potasiamu pamoja na maji. Akiharisha siku mbili tatu juu ya hayo, kipimo kilichokuwa sahihi Jumatatu chaweza kuwa sumu Ijumaa.

Kidonge cha kawaida kina miligramu 0.25 tu. Gramu moja inatosha vidonge 4,000. Dawa hutoka mwilini kupitia figo, na hata figo zikiwa nzima nusu yake huchukua takribani siku moja na nusu hadi mbili kutoka. Mzee au mwenye figo dhaifu hukaa nayo muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuianza, na kila hali inapobadilika, figo na potasiamu vipimwe. Amiodaroni, verapamili na klarithromaisini huongeza kiwango chake kwenye damu, basi mwenye duka la dawa aambiwe mapema.

Dalili za kuzidi ni kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika, kuchoka kupita kiasi, kuona vitu vya manjano au kijani, na mapigo kwenda polepole mno au kuruka. Mtu akiona hayo asisubiri tarehe ya kliniki. Asimeze kidonge kinachofuata kabla ya kuonwa, na aende na kopo la vidonge mkononi. Aliyesahau kidonge asimeze viwili kufidia. Na mtu asijaribu kabisa kutengeneza dawa ya moyo kutoka kwenye waridi la jangwani la barazani: hakuna anayejua ni miligramu ngapi zimo kwenye tawi moja.

Dijoksini hupunguza kasi, lakini haizuii damu kuganda kwenye chumba kinachotetemeka, na bonge hilo likifika kwenye ubongo huleta kiharusi. Kazi hiyo ni ya warfarini, tutakayoieleza wiki ijayo.