Bogoro: kujifunza kusikiliza kabla ya kubisha hodi

BUNIA – Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (CPI) waliiona shule ya Bogoro kwenye kompyuta kabla ya kuiona kwa macho. Katika kesi ya Germain Katanga, upande wa mashtaka ulionyesha kule La Haye picha za pande zote za Institut de Bogoro, mahali raia walipouawa tarehe 24 Februari 2003. Hata hivyo, Januari 2012 majaji walifunga safari hadi kijijini, kilometa 25 hivi kutoka Bunia.

Kuigiza hali halisi ni njia inayotumika pia kufundisha wasaidizi wa jamii, na Ituri inawahitaji. Machi 2017, CPI iliwatambua wahanga 297 wa Bogoro: kila mmoja dola 250, na kwa wote msaada wa makao, masomo, miradi ya kipato na matunzo ya kisaikolojia. Dola huhesabiwa kwa siku moja. Matunzo yanataka mtu anayejua kuketi na mama aliyekwisha kuwasimulia wageni wengi msiba wake.

Zoezi lenyewe halina gharama. Mwanafunzi mmoja anakuwa mama, mwingine msaidizi, wengine wanatazama.

“Jambo mama, pole na kazi.”

Mama anainamisha kichwa. Msaidizi anaogopa kimya, anauliza: “Kwenu walikufa wangapi?”

Mwalimu anasimamisha mchezo, wanaanza upya. Kosa hilo likifanyika darasani halimuumizi mhanga. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na OMS mwaka 2011 unafundisha hivyo hivyo: angalia, sikiliza, unganisha, wala usimlazimishe mtu kusimulia.

Vyuo vya nchi tajiri vina miwani ya kompyuta na wagonjwa wa kubuni. Mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha na umeme haba, simu moja inatosha: zoezi linarekodiwa, kisha kundi linalitazama pamoja.

Hatari iko kwingine. Mwanafunzi wa Ituri huenda naye alikimbia vita akiwa mtoto, na tangu mwisho wa 2017 wengi wamekimbia tena. Kwa hiyo kisa kinabuniwa, hakichukuliwi kwa jirani, na kila mmoja ana ruhusa ya kukataa au kutoka. Zoezi likiisha, aliyekuwa mama anahama kiti, anataja jina lake mwenyewe kwa sauti, ndipo anapoulizwa alisikia nini moyoni swali lile lilipomfikia.