Bwawa la Jirani Juu ya Makazi Yetu

[Sauti ya mvua kubwa, kisha inafifia]

MTANGAZAJI: Tunazungumza nanyi kutoka Kampala, mji wa vilima, ambako mvua kubwa ikinyesha, watu wa mabondeni kama Bwaise huanza kuinua magodoro. Huko makambini nako, huenda juu ya makazi yenu kuna bwawa la mkulima au mfugaji, lenye tuta la udongo ulioshindiliwa. Je, linakulinda au linakuhatarisha?

Bwawa huzuia mafuriko kwa kupokea maji mengi na kuyaachia polepole. Ili lipokee, lazima liwe na nafasi. Likiwa limejaa kabla ya mvua, ni kama mtungi uliojaa: ukiongeza kikombe kimoja, kinamwagika. Hapo ndipo penye mvutano. Mwenye shamba hutaka lijae, apate maji ya kiangazi. Wewe uliye bondeni unataka libaki na nafasi.

Maji ya ziada nayo yanahitaji mfereji wake pembeni, ulio chini kuliko mgongo wa tuta. Mfereji ukiziba kwa matope au magugu, maji hupita juu ya tuta, yanakula udongo, na tuta hukatika.

[Muziki mfupi]

Jirani zetu wa Kenya wanalijua jambo hili. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi, Bwawa la Patel lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru. Lilikuwa bwawa la shamba la mtu binafsi. Maji na matope yalizoa nyumba zilizokuwa chini yake. Watu wasiopungua 47 walikufa, wakiwemo watoto. Bwawa lilikuwa na mwenyewe, lakini maji yalipotoka hayakuuliza mpaka wa shamba.

Basi, tazama dalili hizi:

Moja: maji yanayovuja chini ya tuta. Yakiwa meupe, toa taarifa siku hiyo hiyo. Yakiwa na tope, udongo wa ndani unaondoka. Hiyo ni hatari ya sasa hivi.

Mbili: ufa, au sehemu ya tuta iliyotitia.

Tatu: maji yanakaribia mgongo wa tuta, au mfereji umeziba.

Nne: mashimo ya wanyama, na miti mikubwa juu ya tuta. Mizizi hufungulia maji njia.

Labda unafanya kibarua kwa mwenye bwawa na unaogopa kusema. Usiende peke yako. Mwambie kiongozi wa wakimbizi na mwenyekiti wa kijiji, mwende pamoja, mzungumze naye kwa heshima. Pelekeni taarifa pia kwa Ofisi ya Waziri Mkuu hapo kambini. Usipande juu ya tuta kulichimba wala kuliziba mwenyewe.

Ukiona maji ya tope au maji yakipita juu ya tuta, usingoje jibu la mtu. Amsha majirani, pandeni mahali pa juu pembeni mwa bonde. Msikimbie kufuata mkondo, na msirudie vyombo.

Leo jioni, kabla hamjalala, kubalianeni: nani atapiga filimbi, nani atambeba bibi asiyeweza kutembea, na mtakutana wapi. Watu wa Solai walifikiwa na maji gizani.

Mbaki salama.

[Muziki wa kufunga]